Mazoezi ya Fulana na Magoti ya Wazee wa Ufipa

Desemba 2016, Mama Samia Suluhu Hassan, ambaye wakati huo alikuwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi ili kupambana na magonjwa yasiyoambukiza. Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kuwa siku ya Watanzania kufanya mazoezi. Nia ilikuwa njema, na kwa nia hiyo sina ugomvi. Kisukari, shinikizo la damu na kiharusi havimchagui tena mtu wa mjini mwenye gari na kitambi. Ugomvi wangu ni na umbo ambalo nia hiyo hulipata kila inaposhuka kutoka jukwaa la taifa hadi ngazi ya halmashauri: mbio za pole za watumishi, fulana zenye nembo, gari la matangazo, mgeni rasmi anayenyoosha mikono mbele ya kamera kwa dakika kumi, halafu chai. Mzee hayumo katika picha hiyo. Akiwamo, amewekewa kiti chini ya turubai ili apige makofi.

Nadai jambo jingine kabisa. Nadai kwamba halmashauri nne za Mkoa wa Rukwa, yaani Manispaa ya Sumbawanga, Wilaya ya Sumbawanga, Kalambo na Nkasi, ziwe na vikundi vya mazoezi ya wazee katika mitaa na vijiji, vinavyokutana mara tatu kwa wiki, vyenye mwezeshaji anayelipwa na vyenye kifungu chao katika bajeti. Nadai hivyo kwa sababu miguu ya mzee ni suala la utawala bora sawasawa na barabara na maji, ingawa hakuna diwani aliyewahi kuombewa kura kwa jina la magoti ya mtu.

Anayetaka kuelewa uzito wa jambo hili na aitazame Ufipa yenyewe. Uwanda wetu uko juu, Sumbawanga ikiwa karibu mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Mashariki kuta za Lyamba lya Mfipa zinaporomoka hadi Bonde la Rukwa. Magharibi nchi inateremka kuelekea Ziwa Tanganyika. Juni na Julai upepo wa baridi huwashika wazee viungo hadi jua lipande. Vijiji vimetawanyika, na kati ya nyumba na shamba, nyumba na kisima, nyumba na kanisa, nyumba na zahanati, kuna mwendo. Kwa kijana mwendo huo ni nusu saa. Kwa mtu wa miaka 75 ambaye misuli ya mapaja imelegea, mwendo huo ndio mpaka wa dunia yake, na kila mwaka mpaka husogea karibu zaidi na mlango.

Mpaka wa mwisho ni choo. Hapa ndipo wasomi wenzangu huona haya kuandika, nami nitaandika. Kaya nyingi za vijijini kwetu hutumia choo cha shimo, na choo cha shimo hudai kuchuchumaa. Mtu asiyeweza kuchuchumaa na kuinuka bila kushikwa amepoteza kitu ambacho hakuna ripoti ya maendeleo inayokihesabu: faragha yake. Namfahamu bibi mmoja, jirani wa ukoo wetu, ambaye aliacha kunywa maji baada ya saa nane mchana ili asilazimike kumwamsha mkwewe usiku. Hakuwa na ugonjwa wowote uliotajwa kwa jina. Magoti yalikuwa dhaifu na mapaja yalikuwa yamekwisha nguvu. Familia ilisema ni uzee tu, na zahanati ilimpa dawa za maumivu.

Neno hilo, "uzee tu", ndilo adui wa kwanza wa makala hii. Ni kweli kwamba misuli hupungua kadiri umri unavyosogea. Lakini misuli ya mtu mzima wa miaka 70 au 80 bado huitikia kazi ikipewa kazi inayofaa, na hili halina ubishi tena katika sayansi ya tiba. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linawataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya msawazo, yaani ya kusimama na kugeuka bila kuyumba, siku tatu au zaidi kwa wiki. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2019 yalijumlisha majaribio 108 yenye washiriki zaidi ya 23,000, yakabaini kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa takriban asilimia 23. Asilimia hiyo haitokani na kidonge chochote. Inatokana na watu kusimama na kuketi, kusimama na kuketi.

Tafiti nyingi kati ya hizo zilifanyika katika nchi tajiri, na mkosoaji mwangalifu atanikumbusha hilo. Namjibu kwamba nyonga ya Mfipa imeungwa kwa mifupa ileile, na kwamba kuanguka kunaua zaidi huku kwetu kuliko huko. Shirika hilohilo linakadiria vifo 684,000 kwa mwaka duniani vinavyotokana na kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Sababu haihitaji mtaalamu. Mzee akivunjika nyonga katika kijiji cha bonde la Rukwa, kwanza inatafutwa pikipiki au gari la kumtoa. Akihitaji rufaa ya kanda, Mbeya iko zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Wanawe wanauza mahindi au ng'ombe. Mara nyingi uamuzi wa ukoo unakuwa wa kumlaza ndani, na kitanda kinamaliza kile ambacho mfupa ulianza.

Sasa nifike kwenye hoja ambayo nimeisikia kwa watumishi wengi, tena watu wema: kwamba mzee wa Kifipa hahitaji mazoezi kwa kuwa analima. Wanasema mazoezi ni ya watu wa ofisini, na mkulima mazoezi yake ni jembe. Hoja hii inapendeza masikioni kwa sababu inamsifu mkulima huku ikimnyima huduma.

Wafipa ni wakulima wenye sifa. Kilimo cha ntumba, ambapo majani hufukiwa chini ya matuta ya duara wakati mvua ingalipo na udongo ni laini, matuta yakapandwa maharage na baadaye kusambazwa kwa ajili ya ulezi, kimewavutia wataalamu wa kilimo na wa elimu ya jamii kwa miongo mingi. Ni akili kubwa, na ni kazi ya kuvunja mgongo. Tazama mwili unavyofanya kazi hiyo: mtu ameinama kutoka kiunoni, jembe fupi mkononi, saa nyingi, katika mkao mmoja. Mikono na mgongo vinafanya kazi hadi vinauma. Msawazo haufunzwi. Mguu mmoja haubebi mwili peke yake, kifundo hakigeuki kwa namna tofauti, na goti lenye maumivu hukwepwa, kazi yake ikahamishiwa kiunoni. Kisha msimu unakwisha, na mwili uliochoshwa kwa miezi kadhaa unakaa kwenye kigoda karibu na moto. Kazi ya shamba humtumia mtu. Haipimi kiasi chake, haimpumzishi kwa mpango, wala haimwongezei uzito pole pole kadiri anavyopata nguvu. Siku mzee anaposhindwa kulima, ambayo lazima itafika, hoja ya jembe inakosa la kumwambia. Ni hapo hasa anapohitaji kitu, na ni hapo hasa tunapomwachia mkeka.

Naona pia kwamba hoja hii hutolewa zaidi kuhusu wanawake. Bibi wa miaka 70 anayelea wajukuu, anayechota maji na kusenya kuni, huambiwa yeye ni ngangari. Ungangari huo ni ukosefu wa mtu wa kumpokea mzigo.

Je, mazoezi ninayoyadai yana sura gani? Hayana mbio, wala hayahitaji uwanja wa Nelson Mandela. Mapitio niliyoyataja hayakupata hata ushahidi wa kutosha kwamba kutembea peke yake kunazuia kuanguka. Sembuse kukimbia lami mara moja kwa mwezi. Yanahitaji kiti imara kisicho na magurudumu, ukuta, na uwanja wa vumbi uliofagiliwa. Mzee anaketi na kuinuka bila kutumia mikono. Akishindwa, anaanza na kiti cha juu zaidi au anasaidiwa na meza, na wiki zinavyopita anakishusha. Anasimama kwa mguu mmoja akigusa ukuta kwa kidole. Anatembea akiweka kisigino mbele ya vidole vya mguu wa nyuma, kama mtu avukaye gogo. Ananyanyuka kwa ncha za vidole. Ananyanyua mfuko mdogo wa mchanga uliofungwa kwenye kifundo. Anajifunza jinsi ya kujiinua kutoka chini baada ya kuanguka, jambo ambalo halifundishwi kabisa na ambalo linaweza kuokoa maisha ya mtu aishiye peke yake. Saa moja, mara tatu kwa wiki, watu kumi hadi kumi na watano, na mtu mmoja anayejua nani ana shinikizo la damu na nani aliwahi kupata kiharusi.

Hata kupima mafanikio ni rahisi kuliko kupima miradi yetu mingi. Mzee anainuka kitini, anatembea mita tatu, anageuka, anarudi na kuketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yumo katika hatari ya kuanguka. Saa ya simu inatosha. Ofisa anayependa viashiria vya utekelezaji na achukue hicho, badala ya idadi ya fulana zilizogawiwa.

Wajapani, ambao tunapenda kuwataja tunapozungumzia nidhamu, walianza kutangaza mazoezi ya viungo redioni mwaka 1928, na hadi leo watu wa rika zote hujinyoosha asubuhi kwa muziki uleule. Lakini mfano unaotufaa zaidi ni wa mji wa Kochi, ambako mwaka 2002 idara ya afya ya mji ilibuni mazoezi ya wazee wakiwa wameketi vitini, na vifungu vidogo vya uzito mikononi na miguuni, yakaendeshwa na wakazi wenyewe katika kumbi za mitaa. Yalienea miji mingine kwa sababu hayakuhitaji mashine wala daktari wa kila siku. Jirani zetu wa Kenya wana mfano mkali zaidi: Korogocho, Nairobi, mabibi walijiunga katika kikundi cha Cucu Jikinge kujifunza kupiga ngumi na teke ili kujilinda dhidi ya wabakaji. Sipendekezi karate kwa wazee wa Laela. Natoa mfano huo kwa wale wanaodai kwamba mwanamke mzee wa Kiafrika ataona aibu kunyoosha mguu mbele ya watu. Akiona sababu ya kuunyoosha, anaunyoosha.

Aibu, hata hivyo, ipo, na Sumbawanga ina aina yake ya pekee. Kila Mtanzania hulitania jina la mji wetu, ambalo kwa Kifipa humaanisha kutupa uchawi, na utani huo tumeuzoea hadi tunaucheka wenyewe. Nyuma ya utani kuna jambo lisilochekesha. Katika nchi ambayo vikongwe wameuawa Kanda ya Ziwa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu ya macho mekundu yaliyoliwa na moshi wa kuni, mwanamke mzee hujifunza kupunguza kuonekana kwake. Anayetoka alfajiri peke yake anaweza kuulizwa alikuwa wapi. Anayesimama kwa mguu mmoja uani kwake, akinyoosha mikono mbinguni, atapata maelezo ya majirani kabla hajamaliza kuhesabu hadi kumi. Hivyo ushauri wa "fanya mazoezi nyumbani", unaotolewa kwa wepesi na watu waliosomea mjini, kwa mzee wa kijijini unaweza kuwa ushauri wa hatari. Kikundi kinachokutana mchana, katika kiwanja cha ofisi ya kijiji au cha kanisa, chini ya mtu anayetambulika na serikali, kinamwondolea mzee hatari hiyo. Kinamfanya aonekane kwa jina lake na kwa kicheko chake. Sijui mbinu nyingine ya gharama ndogo kiasi hiki inayoweza kupunguza upweke na tuhuma kwa pamoja.

Tena utamaduni wetu wenyewe unayo mazoezi haya ndani yake. Salamu ya heshima ya Kifipa, ile ya kuinama na kushuka chini huku ukipiga makofi taratibu, ni zoezi kamili la nyonga na mapaja. Mwezeshaji mwenye akili ataanzia hapo, na hakuna mzee atakayemwambia kwamba ameleta mambo ya kizungu.

Nani aongoze? Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache, nao wamejaa katika hospitali kubwa. Kumsubiri mtaalamu afike kila kata ni njia ya heshima ya kusema hapana. Lakini Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ikilenga zaidi ya 137,000 katika miaka mitano. Watu hawa wanaingia majumbani kwa ajili ya uzazi, lishe, malaria na kifua kikuu. Wafundishwe na hili, na mtaalamu mmoja wa utengemao kutoka hospitali ya mkoa awazungukie kila robo mwaka. Rukwa si mgeni wa huduma inayomfuata mtu alipo. Adrian Atiman, mtoto aliyekombolewa utumwani na wamisionari na kusomeshwa tiba Malta, alifika Karema mwaka 1889, akawatibu watu wa mwambao wa Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1956. Hospitali ya Kanisa Katoliki mjini Sumbawanga imepewa jina lake. Hakusubiri bajeti ya robo ya tatu.

Na sasa fedha, kwa kuwa kila hoja nchini hufia hapo. Tuchukulie mwezeshaji analipwa posho ya shilingi 10,000 kwa kila kipindi. Mara tatu kwa wiki, kwa wiki 50, kikundi kimoja kinagharimu shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Fulana 300 za siku moja ya mazoezi, kwa shilingi 10,000 kila moja, ni shilingi 3,000,000. Vikundi viwili vya wazee, mwaka mzima, vimevaliwa asubuhi moja na kuanikwa jioni.

Halmashauri zetu, kwa sheria, hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 wanawake, asilimia 4 vijana, asilimia 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya, na mjadala mzima ulihusu nani arejeshe na kupitia benki ipi. Wazee kwa jina lao hawamo katika hesabu hiyo. Sidai waingizwe kwenye mikopo. Mzee wa miaka 80 hahitaji deni. Naonyesha tu kwamba mahali ambapo taifa lilikaa chini kugawa fedha kwa makundi, kundi hili lilisahaulika, ingawa Sera ya Taifa ya Wazee ipo tangu 2003.

Badala ya fedha, wazee wamepewa dirisha. Nalitambua: dirisha la wazee hospitalini ni jambo jema, sawa na ahadi ya Sera ya Afya ya 2007 kwamba mtu wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atatibiwa bila malipo. Lakini dirisha linamhudumia mzee aliyeweza kufika dirishani. Yule aliyeshindwa kuvuka kizingiti cha nyumba yake hapangi foleni, hana namba, hana malalamiko kwenye sanduku la maoni. Katika takwimu za hospitali huyo ni mzima.

Kwa Mabaraza ya Wazee nina neno ambalo huenda halitapendwa. Mabaraza haya yapo hadi ngazi ya kijiji na mtaa, na kila Oktoba 1, Siku ya Wazee Duniani, huandaa risala. Mengi yamegeuzwa kuwa mapambo ya ziara za viongozi: wazee wanaitwa wakati wa kubariki, hawaitwi wakati wa kugawa. Na baadhi ya viongozi wake, wengi wao wanaume wastaafu wenye pensheni na viatu vizuri, hawajamtembelea mzee aliyelala ndani tangu wachaguliwe. Baraza lililo hai lingekuwa na orodha ya kila kijiji yenye majina ya watu wasioweza kutoka nje, na lingeisoma mbele ya mkurugenzi badala ya risala.

Maandalizi ya bajeti za halmashauri huanza miezi mingi kabla ya Julai 1. Vikao vya vijiji na mitaa ndivyo vinavyopaswa kuibua vipaumbele, na muhtasari wake ni nyaraka ya umma. Wanafunzi wangu wanaotoka Rukwa, na watumishi mnaosoma hapa mkiwa Matai, Namanyere na Laela, mnaweza kuingia katika vikao hivyo mkiwa na sentensi moja iliyoandikwa: kikundi kimoja cha mazoezi ya wazee katika kila kijiji, shilingi 1,500,000, mwezeshaji ni mhudumu wa afya wa hapahapa. Diwani akiuliza fedha zitoke wapi, mwombeni awasomee kifungu cha fulana.